KASHA NA LEBO YAKE: MIUNDO YA MAFAILI YA KUBADILISHANIA SAUTI NA PICHA, NA NAFASI YA JINA LA LUGHA NDANI YAKE

1. Utangulizi

Makala hii inakusudia kueleza jinsi yalivyoundwa mafaili ya kompyuta yanayoweza kuitwa makasha, yaani mafaili yaliyobuniwa ili kubeba sauti, picha au filamu kutoka programu moja hadi nyingine, na kutoka mtambo mmoja hadi mwingine. Kwa kawaida somo hili huachiwa mafundi. Hata hivyo mtaalamu wa lugha ana haja nalo, kwa kuwa ushahidi wa lugha inayosemwa unaokusanywa siku hizi, uwe ngano, utenzi, mahojiano na wazee au orodha ya maneno ya lahaja, huhifadhiwa ndani ya kasha la namna hii. Hata kanda za zamani, zinapogeuzwa kuwa za kidijitali, huishia humo humo.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kasha si kitu kisicho na upande. Muundo wake huamua ni mambo gani yanayoweza kutajwa juu ya kilichomo, na miongoni mwa mambo hayo ni jina la lugha inayosikika. Nafasi iliyotengewa jina hilo ni ndogo sana, pengine baiti mbili au tatu tu. Lakini historia ya nafasi hiyo yaonyesha wazi ni lugha zipi zilizofikiriwa na wabunifu, na zipi hazikufikiriwa.

Kabla ya kuendelea yafaa istilahi tatu zielezwe. Baiti ni kipimo cha kuhifadhia kinachotosha kuandikia herufi moja ya Kilatini. Kila baiti ina biti 8. Fungu ni sehemu moja ya faili yenye jina lake na urefu wake. Kasha ni faili zima lililojengwa kwa mafungu hayo. Neno kasha limechaguliwa badala ya chombo kwa sababu chombo lina maana nyingi mno katika Kiswahili, tangu sahani hadi jahazi. Kasha hufungwa, hubebwa na hubandikwa lebo, na anayelipokea huweza kujua kilichomo kabla ya kulifungua. Sifa hizo ndizo hasa zinazohusika hapa.

2. Asili ya kasha

Hapo awali kila programu ilikuwa na namna yake ya kuhifadhi kazi. Picha iliyochorwa kwa programu moja haikuweza kusomwa na nyingine, isipokuwa mtengenezaji wa hiyo ya pili amejua mpangilio wa baiti zote za ile ya kwanza. Mpangilio wenyewe ulikuwa mgumu kubadilishwa. Mathalani, programu ikitarajia upana wa picha katika baiti ya kumi, mbunifu hakuweza kuongeza jambo jipya kabla ya baiti hiyo bila ya kuvuruga mafaili yote yaliyotangulia.

Mnamo Januari 1985 Jerry Morrison, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Electronic Arts nchini Marekani, alitoa waraka wa kanuni uliokuja kujulikana kama EA IFF 85. Kanuni hizo zilikusudiwa hasa kwa kompyuta ya Amiga iliyotolewa na Commodore mwaka huo huo. Sehemu ya mawazo yake ilitokana na kompyuta ya Macintosh, ambayo tayari ilitumia majina ya herufi nne kutambulisha aina za data. Jipya katika waraka huo ni kwamba haukueleza picha peke yake wala sauti peke yake. Ulieleza kasha la jumla, kisha ukaacha kila fani itunge mafungu yake ndani ya kasha hilo. Hivyo zikapatikana aina ya ILBM kwa picha na 8SVX kwa sauti. Baadaye, mwaka 1988, kampuni ya Apple ilijenga juu ya msingi uo huo muundo wa sauti uitwao AIFF.

3. Mwenendo wa fungu

Kila fungu la IFF lina sehemu tatu. Kwanza ni jina lenye herufi nne. Pili ni urefu wa yaliyomo, ulioandikwa kwa baiti nne. Tatu ni yaliyomo yenyewe. Kama urefu huo ni witiri, baiti moja tupu huongezwa mwishoni ili fungu linalofuata lianze mahali panapogawanyika kwa mbili. Baiti hiyo ya nyongeza haihesabiwi katika urefu.

Kwa mfano, tuseme mtu ataka kuandika ndani ya faili jina la kilichorekodiwa, na jina hilo ni WIMBO. Fungu litaanza kwa herufi N, A, M, E. Litafuatiwa na baiti nne zenye nambari 5, kwa kuwa neno wimbo lina herufi tano. Kisha zitakuja herufi tano zenyewe, na baada yake baiti moja tupu. Jumla ni baiti 14.

Faida ya mpangilio huu yaonekana pale msomaji anapokuta fungu asilolijua. Kwa kuwa urefu umetajwa mwanzoni, programu huhesabu baiti zilizotajwa, ikaziruka, na kuendelea na fungu la pili. Haihitaji kuelewa ili isikwame. Mtu aliyezoea kusikiliza lahaja isiyo yake atautambua mwenendo huu: neno geni hupita, na maana ya sentensi huendelea kushikwa kwa msaada wa maneno yanayojulikana. Tofauti ni kwamba msikilizaji hukisia maana ya neno geni kwa muktadha, lakini kompyuta haikisii kitu, huruka tu.

Mafungu huweza pia kuwekwa ndani ya fungu kubwa. Katika IFF fungu kubwa la kawaida huitwa FORM, na mara baada ya urefu wake hutajwa aina ya kilichomo, kama vile ILBM au 8SVX. Kwa njia hiyo msomaji hujua tangu baiti kumi na mbili za mwanzo kama faili linamhusu au la. Kanuni za 1985 zilitenga vilevile majina machache ya kutumiwa na fani zote: NAME kwa jina la kazi, AUTH kwa mtungaji, na ANNO kwa maelezo ya ziada. Hii ni kusema kwamba tangu mwanzo wabunifu walitambua kuwa kazi na utambulisho wake zapasa kusafiri pamoja. Hata hivyo hapakuwa na jina lililotengwa kwa ajili ya lugha.

4. Mpangilio wa baiti

Nambari inapohitaji baiti zaidi ya moja, hutokea swali la ni baiti ipi itangulie, ile kubwa au ile ndogo. Swali hili si geni kwa wanaisimu. Mwarabu anapotaja 23 hutanguliza mamoja, akasema tatu na ishirini. Mswahili aliazima neno ishirini kutoka Kiarabu, lakini hakuazima mpangilio. Yeye hutanguliza makumi na kusema ishirini na tatu. Thamani ni moja, ila anayeandika kwa mpangilio mmoja na kusomewa kwa mpangilio mwingine ataeleweka vibaya.

Mwaka 1980 Danny Cohen aliandika makala mashuhuri kuhusu ugomvi huu katika kompyuta, akawapa wagomvi majina yaliyotokana na hadithi ya Jonathan Swift, ambamo watu wa Lilliput hupigana kwa sababu ya upande wa kuvunjia yai. IFF ilitanguliza baiti kubwa, kama ilivyokuwa desturi ya kichakataji cha Motorola kilichotumiwa na Amiga. Microsoft na IBM walipotoa kasha lao liitwalo RIFF mwaka 1991, walifuata kanuni za IFF karibu zote, ila walitanguliza baiti ndogo ili kuafikiana na vichakataji vya Intel. Ule urefu wa 5 uliotajwa juu huandikwa 0, 0, 0, 5 katika IFF, na 5, 0, 0, 0 katika RIFF. Programu isiyojua tofauti hii ingedhani kwamba neno wimbo lina herufi zaidi ya milioni themanini.

5. Kasha la sauti na mpaka wake

Muundo wa WAV, unaotumiwa mno katika kurekodi lugha, ni aina mojawapo ya RIFF. Faili la WAV lina mafungu mawili yasiyokosekana: fungu la fmt, linaloeleza sauti imepimwa mara ngapi kwa sekunde na kwa biti ngapi, na fungu la data, lenye vipimo vyenyewe.

Hapa yafaa kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara. Kasha ni jambo moja, na namna sauti ilivyosimbwa ndani yake ni jambo jingine. Makasha mawili yenye jina moja yaweza kubeba sauti zilizosimbwa kwa njia mbalimbali, na programu inayoweza kufungua kasha huenda ikashindwa kuifumbua sauti iliyomo. Kujua hati iliyotumiwa si kujua lugha iliyoandikwa. Anayesoma hati ya Kiarabu hawezi kwa hilo tu kuuelewa utenzi wa Kiswahili ulioandikwa kwa hati hiyo. Ndiyo sababu hifadhi hupendelea sauti isiyobanwa, ambayo mpangilio wake ni rahisi kufumbuliwa hata baada ya miaka mingi.

Mpaka mwingine hutokana na zile baiti nne za urefu. Nambari kubwa kabisa inayoweza kuandikwa humo ni 4,294,967,295. Kwa hiyo faili la WAV la kawaida halizidi baiti bilioni 4.3 hivi. Sauti ya njia mbili iliyopimwa mara 96,000 kwa sekunde kwa biti 24 hutumia baiti 576,000 kila sekunde, na kasha hujaa baada ya saa mbili na dakika nne. Ngoma ya usiku kucha au kikao kirefu cha wazee hakiwezi kuingia. Ili kuondoa dhiki hiyo, Umoja wa Watangazaji wa Ulaya, EBU, ulibuni muundo wa RF64, ambao huandika urefu kwa baiti nane katika fungu la pekee.

6. Jina la lugha

Kanuni za RIFF za 1991 zilikuwa na fungu liitwalo CSET, lililokusudiwa kueleza maandishi yaliyomo ndani ya faili ni ya hati gani, nchi gani, lugha gani na lahaja gani. Kwa mtazamo wa isimu hilo lilikuwa wazo jema, maana lugha na lahaja zilitenganishwa, kila moja ikapewa nambari yake. Lakini nambari hizo zilitoka katika orodha iliyofungwa. Kiarabu kilipewa 1. Kiingereza kilipewa 9, nacho kikagawanywa lahaja mbili, ya Marekani na ya Uingereza. Kinorwe kilitambuliwa kwa namna zake mbili za maandishi. Kiswahili hakikuwamo, wala lugha yoyote nyingine ya Kibantu. Aliyetaka kulijaza fungu hilo kwa ukweli alibakiwa na nambari 0, yaani pasipo lugha. Fungu lenyewe halikupata matumizi makubwa, lakini orodha yake imebaki kuwa ushahidi wa soko lililokuwa likifikiriwa.

Kasha la QuickTime, lililotolewa na Apple mwaka 1991, lilifuata njia nyingine kidogo. Mafungu yake hutaja urefu kwanza na jina baadaye, na urefu huo hujumlisha baiti za jina na za urefu wenyewe. Jina la lugha huandikwa kwa nambari za orodha ya Macintosh, na orodha hiyo, katika umbo lake kamili, ina Kiswahili kwa nambari 89, Kinyarwanda 90 na Kirundi 91. Hii ilikuwa hatua mbele. Lakini orodha iliendelea kuwa mali ya kampuni, na lugha isiyo na nambari ilikuwa haina jina.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1998, pale Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilipouchagua muundo wa QuickTime kuwa msingi wa kasha la MPEG-4. Katika kasha hilo lugha huandikwa kwa herufi tatu za kiwango cha ISO 639-2. Kila herufi hugeuzwa nambari kwa nafasi yake katika alfabeti, na kila nambari huandikwa kwa biti tano. Kiswahili, ambacho alama yake ni swa, huandikwa 19, 23, 1. Alama za kik kwa Kikuyu, kam kwa Kikamba, luo kwa Kijaluo na mas kwa Kimaasai zote hutosha katika nafasi hiyo. Kwa mara hii uamuzi wa ni lugha ipi itajwe ulitoka mikononi mwa kampuni, ukawa wa kiwango cha kimataifa.

Hata hivyo herufi tatu hazitoshi kwa kila kazi. Anayehifadhi mashairi ya Kimvita na anayehifadhi taarifa ya habari ya Kiswahili sanifu wataandika alama ile ile. Kiwango cha ISO 639-3 cha mwaka 2007 kilitenganisha Kiswahili cha Kongo, chenye alama swc, na Kiswahili kingine, chenye alama swh, lakini Kiamu, Kimvita na Kiunguja vimebaki chini ya alama moja. Makasha ya siku hizi yana nafasi ya pili, isiyofungwa kwa herufi tatu, ambamo alama ndefu huweza kuandikwa, kama vile sw-KE kwa Kiswahili cha Kenya. Alama ya nchi, lakini, si alama ya lahaja. Mpaka wa Kenya na Tanzania haukuchorwa kwa kufuata lahaja za pwani.

Mfano wa mwisho ni kasha la Matroska, lililoanzishwa mwaka 2002 na kuandikwa kuwa kanuni rasmi ya intaneti mwaka 2024 kwa nambari RFC 9559. Jina lake latokana na wanasesere wa Kirusi wanaowekwa mmoja ndani ya mwingine, nalo ladokeza vizuri jinsi mafungu yanavyobebana. Kasha hili ni pana na la wazi. Maandishi yake yaweza kuwa ya hati yoyote. Lakini katika kanuni zake, wimbi la sauti lisilotajwa lugha huhesabiwa kuwa ni la Kiingereza. Mtafiti akirekodi ngano ya Kikuyu asitaje lugha, kasha halitasema kwamba lugha haijulikani. Litasema ni Kiingereza. Kunyamaza katika lebo, basi, si kunyamaza. Ni kukubali jina aliloliweka mwingine. Dawa yake ni nyepesi: lugha itajwe kila mara, na pale isipojulikana iandikwe alama ya und, ambayo ISO imeitenga kwa lugha isiyotambuliwa.

7. Kuruka na kupoteza

Kanuni ya kuruka fungu geni, ambayo ndiyo nguvu ya kasha, ina hatari yake pia. Programu inayosoma huruka kwa usalama. Lakini programu inayofungua faili, ikalikata au kulirekebisha, kisha ikalihifadhi upya, mara nyingi huandika yale mafungu tu inayoyajua. Yale iliyoyaruka huachwa nyuma. Sauti hubaki kamili, na hakuna onyo linalotolewa. Kinachopotea ni jina la msimuliaji, mahali, tarehe na lugha. Hali hii ni sawa na ile ya kanda iliyotolewa katika kasha lake lenye maandishi na kurudishwa rafuni peke yake: sauti ya mzee inasikika, lakini hakuna awezaye kusema ni nani wala anatoka wapi.

Mwaka 1997 EBU ilitoa aina ya WAV iitwayo BWF, yenye fungu liitwalo bext kwa ajili ya utambulisho. Fungu hilo lina nafasi ya maelezo ya herufi 256, jina la mwanzilishi, tarehe, saa, na historia ya jinsi sauti ilivyosimbwa. Jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti na picha, IASA, huipendekeza BWF kwa hifadhi za sauti, na upimaji usiopungua mara 48,000 kwa sekunde kwa biti 24. Hapana shaka kwamba ni kasha linalofaa. Lakini bext haina nafasi ya pekee ya lugha, na maandishi yake yameandikiwa herufi za msingi za Kiingereza. Kiswahili hakipati taabu hapo, kwa kuwa hati yake ya Kilatini haina alama za juu, na ng' huandikwa kwa ritifaa ya kawaida. Kikuyu na Kikamba hupata taabu, kwani irabu zao mbili huandikwa ĩ na ũ. Kuziondoa alama hizo ni kubadili irabu, na katika jina la mtu au la mahali ni kubadili jina lenyewe.

Kutokana na hayo, mambo matatu yanafaa kuzingatiwa na idara zinazohifadhi lugha inayosemwa. Kwanza, utambulisho uandikwe ndani ya kasha na pia nje yake, katika hati ya maandishi inayobeba jina lile lile la faili, ili upande mmoja ukipotea mwingine ubaki. Pili, nakala ya asili isifunguliwe kwa programu ya kuhariri. Kazi ifanywe juu ya nakala nyingine, na mafungu yakaguliwe baada ya kuhifadhi. Tatu, jina la lahaja liandikwe kwa maneno kamili katika sehemu ya maelezo, pasipo kutegemea alama ya herufi tatu peke yake.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kasha la jumla la data lilitokana na wazo dogo lenye manufaa makubwa: kila sehemu ijitaje jina na urefu, ili asiyeielewa aweze kuipita bila ya kuharibikiwa. Wazo hilo limedumu tangu 1985 hadi leo, ingawa makampuni, mpangilio wa baiti na ukubwa wa mafaili umebadilika. Imeonyeshwa pia kwamba nafasi ya jina la lugha imepitia hatua kadhaa: kutokuwapo, orodha iliyofungwa isiyo na Kiswahili, orodha pana ya kampuni, kiwango cha kimataifa, na hatimaye alama zilizo wazi kwa nyongeza.

Nyongeza hizo hazitatungwa na mafundi, kwa kuwa si kazi yao kujua kama Kimvita na Kiamu zastahili alama mbili au moja. Viwango vya ISO 639 hupokea maombi ya kuongeza au kugawa alama, na maombi hayo huhitaji ushahidi wa kiisimu. Ushahidi wenyewe uko katika idara za lugha za Afrika ya Mashariki, katika tasnifu, katika kamusi za lahaja na katika kanda zilizorekodiwa. Pasipo maombi hayo, sauti za lahaja hizi zitaendelea kuhifadhiwa kwa ubora wa hali ya juu ndani ya makasha yanayozitaja kwa jina lisilo lao.